Sauti Isiyovuta Pumzi

Wanjira hakuwahi kumpa mtu sufuri nne.

Kwa miaka kumi na mmoja ya kupima sauti za watu katika hospitali moja mjini Embu, alikuwa amewasikiliza makasisi, makondakta, wauza nguo wa sokoni, walimu wasiohesabika, hata mtangazaji wa redio aliyemsindikiza mamake akapimwa kwa mzaha. Kila mmoja alikuwa na kadosari kake. Sauti ya mtu aliye hai hukwaruza kidogo hapa, huvuja pumzi kidogo pale, na Wanjira alikuwa na sikio la kuyanasa hayo hata nyuma ya mlango uliofungwa.

Chumba chake kilikuwa mwisho wa ukumbi, kuta zimebandikwa mazulia makuukuu ili kelele za nje zisiingie. Mgonjwa aliketi, akataja jina, akahesabu hadi kumi, akasoma aya fupi kuhusu mkulima na mvua, kisha akashikilia "aaa" moja kwa pumzi moja huku saa ikihesabu. Wanjira na mwenzake Bundi, mwanamume mpole kutoka Meru, walisikiliza wakiwa wamempa mgonjwa mgongo, kila mmoja na karatasi yake. Waliandika alama kuanzia sufuri, maana yake hakuna tatizo, hadi tatu, maana yake hali ni mbaya, kwa mambo manne: ukwaruzo, pumzi inayovuja, udhaifu, mkazo. Baadaye walilinganisha. Faili ya zamani haikufunguliwa kabla ya kusikiliza, kwa sababu sikio likishaambiwa jambo, husikia jambo hilohilo.

Jumatatu moja ya Julai mwaka 2012, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye vioo vya madirisha, aliletwa Mwalimu Mwongera kutoka Muthara. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini na mitano hivi, koti lake limempwaya mabegani kana kwamba ameazimwa. Mkewe, Karwirwa, alimshika kiwiko kama anayemwongoza kipofu. Wanjira alimwomba mama asubiri nje, akageukia ukuta, akashika kalamu.

"Jina langu ni Mwongera Mithika," sauti ikasema.

Kalamu ya Bundi ikasimama. Ilikuwa sauti nene, laini, yenye joto, sauti ambayo mtu angetaka kusomewa nayo barua ya habari mbaya. Ikahesabu. Ikasoma habari za mkulima na mvua, na Wanjira, aliyeisikia aya ile mara elfu, akajikuta anamwonea huruma mkulima. Alitafuta dosari. Alifumba macho akaitafuta kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Mwishowe akaandika sufuri, sufuri, sufuri, sufuri, na mkono wake ukawa mzito.

"Sasa vuta pumzi, Mwalimu, useme aaa mpaka ikuishie."

Akabonyeza saa. Mwanamume mwenye afya hufika sekunde ishirini na kitu. Mwalimu wa kwaya, thelathini au zaidi kidogo. Ilipofika thelathini na tano Wanjira alitabasamu. Ilipofika hamsini, tabasamu lilikuwa limemkauka midomoni. Ilipofika sabini alivunja kanuni yake mwenyewe, akageuka.

Kifua cha Mwongera hakikuwa kikishuka. Koti halikutikisika, tumbo halikubonyea. Midomo ilikuwa wazi kidogo tu, na juu ya midomo ile macho yake yalikuwa yamejaa machozi, yanamtazama Wanjira kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba anavyomtazama mpita njia kupitia dirishani. Sekunde ya themanini na tisa Wanjira aliinua mkono, na sauti ikakatika papo hapo. Mwongera hakuhema. Chumbani kulikuwa na harufu ya asali iliyoungulia sufuriani.

Bundi alisogeza karatasi yake mezani. Sufuri nne. Chini yake ameandika: Amekuja kutibiwa nini?

Mwongera akainyakua kalamu. Akaikandamiza hata ncha yake ikachana karatasi, akaandika kwa herufi kubwa: SI MIMI NINAYESEMA.

"Mwalimu anawashukuru," ikasema ile sauti nzuri, wakati mkono ungali unaandika. "Anasema mmempokea vizuri."

*

Karwirwa alimvuta Wanjira mpaka karibu na bomba la maji, akalifungua ili limwagike.

"Usiseme kwa nguvu, Daktari. Kinasikia."

"Kitu gani?"

"Mimi sijui jina lake. Najua tu si mzee wangu." Alikuwa mwanamke wa kilimo, mikono imara, lakini vidole vyake vilikuwa vikisokota ncha ya leso bila kukoma. "Wewe ulimpima miaka mitatu iliyopita. Sauti ilikuwa imeharibika kabisa, inakwaruza kama bati. Ulimwambia koo lina vinundu, anyamaze, asiimbe miezi mitatu. Unakumbuka?"

Wanjira hakukumbuka. Walikuwa wengi mno.

"Mashindano ya kwaya yalikuwa yamebaki wiki mbili. Angenyamaza vipi, na ile shule ilikuwa imemwekea matumaini yote? Akasikia kuna mtu amehamia Mikinduri, anauza asali nyeusi ya kufungua koo. Akaenda. Akanywa. Kesho yake asubuhi aliimba uani, Daktari, mpaka majirani wakaacha kukamua ng'ombe." Akaongeza maji bombani. "Kwaya ikashinda. Tukafurahi sisi wajinga. Akaitwa harusi zote, mazishi yote. Halafu mwaka huu ikaanza kuimba akiwa anakula."

"Akiwa anakula?"

"Mdomo umejaa githeri, na wimbo unatoka. Akiwa amelala, inaongea na watoto kupitia ukuta, inawaita kwa majina. Mukiri wetu amehamia kwa shangazi yake. Mchungaji alikuja kumwombea Jumapili tatu. Siku ya tatu ile sauti ikaimba pamoja na kanisa, nzuri kuliko kanisa lote, na mchungaji akalia akasema hii ni karama. Akaenda zake." Akaushika mkono wa Wanjira, akaukaza. "Chakula hakimshibishi. Juzi tulimpima mizani, kilo arobaini na tisa, mtu mrefu vile. Kikimmaliza, kitaniambia kwa sauti nzuri kwamba amekufa. Nisaidie. Mtoe koo lote kama ni lazima. Nitaishi na bubu. Mtoe!"

"Siwezi kukata koo zima, mama."

"Basi liangalie ndani kwanza, halafu uniambie kama ni zima."

Wakamwangalia. Bundi alipitisha puani mrija mwembamba wenye kamera na taa, taratibu, huku Wanjira akitazama picha kwenye kioo cha mashine. Palipo na sauti, nyuzi mbili nyeupe za kooni hukutana na kutetemeka, upesi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Wanjira aliziona nyuzi za Mwongera. Zilikuwa zimeachana, zimetulia tuli, na kila mmoja una kinundu chake kama punje ya mtama. Havikuwa vimepona. Miaka mitatu havikuwa vimepona hata kidogo.

"Hesabu hadi kumi, Mwalimu," Wanjira akanong'ona.

Sauti ikahesabu. Moja, mbili, tatu, wazi na tamu, ikijaza chumba chote. Kwenye kioo hakuna kilichotikisika. Nyuzi zilikaa wazi, na katikati yake lile tundu jeusi linaloshuka mapafuni likatazama juu.

"Madam," Bundi akasema chini chini. "Madam, hebu nitoe huu mrija."

"Nane," ikasema sauti, "tisa, na ya kumi nitaisema ukinipa ile sauti yake uliyoiweka kwenye kabati la kijani, Wanjira, mke wa marehemu Gitari, kwa maana nimesikia imebaki mahali pamoja tu duniani, na nyumba haiwi yangu mpaka niimalize."

Bundi aliuchomoa mrija, akaondoka chumbani bila kuvua glavu.

*

Kabati la kijani lilikuwa la kanda. Wanjira alihifadhi sauti ya kila mgonjwa ili akirudi zilinganishwe. Sauti aliyoitamani kuliko zote haikuwemo. Mumewe Gitari alikuwa amekufa ghafla barabarani miaka minne nyuma, na yeye, mtunza sauti za watu elfu mbili, hakuwahi kumrekodi hata akisema habari ya asubuhi.

Alimkuta Bundi amesimama mbele ya kabati, mgongo umelibana.

"Tumpeleke Nairobi," Bundi akasema. "Kuna madaktari wa akili huko."

"Na ule mrija ulioushika, nao una wazimu?"

Bundi akasogea kando. Wakaitafuta kanda ya mwaka 2009, wakaiweka kwenye rekoda ndogo, wakamwita Karwirwa. Ikachakarika, kisha ikatoka sauti ya kuhurumiwa: imepasuka, inakatika katikati ya maneno, pumzi inavuja kama tairi. Jina langu... ni Mwongera... Mithika.

Karwirwa alijifunika uso kwa leso. "Huyo," akasema. "Huyo ndiye. Ee Mungu, huyo ndiye Baba Mukiri."

Kule mwisho wa ukumbi kitu kizito kikaanguka. Walimkuta Mwongera sakafuni, amejikunja, mikono yote miwili imeshika koo, na midomo yake ikijaribu kutengeneza maneno yaleyale ya kwenye kanda bila mlio wowote. Juu yake ile sauti ilikuwa ikiimba, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kuzima maneno ya mwingine.

Karwirwa akaliona hilo kabla ya wote. "Amejisikia," akasema. "Amejisikia, na kimeogopa!"

Walimlaza wodini, chumba cha peke yake. Siku mbili Wanjira alimtia maji ya mshipani na kumpima damu, mkojo, moyo, kichwa, na kila karatasi ilirudi ikisema ni mzima. Mizani ikasema kilo arobaini na sita. Wagonjwa wa wodi ya jirani waliomba mlango wake uachwe wazi, ati wamsikilize akiimba. Mmoja wao, bibi mwenye kisukari, aliacha kula akisema wimbo unamtosha. Jumatano asubuhi Wanjira alimwambia Karwirwa, macho yakiwa chini, kwamba yeye amefika mwisho wa anachokijua.

"Kuna mzee kwetu Kanja," akaongeza. "Mama yangu alikuwa akimtaja tukiwa wadogo. Sijawahi kumwendea."

"Twende saa hii."

Mzee huyo, Kivuti, walimkuta akianika kahawa. Alikuwa mzee mfupi aliyevaa sweta ya shule ya mjukuu wake, na hakuwa na hirizi wala kibuyu popote. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akageuza kahawa yake kwa kiganja.

"Hicho si cha huku kwetu," akasema. "Wazee wetu waliokufa wakikasirika wanakuja na ugonjwa, wanataka kukumbukwa, unawamwagia pombe kidogo mnapatana. Hicho ni jini. Kimesafirishwa ndani ya asali. Hakina koo, kinatafuta la mtu. Na mwenye koo akisahau sauti yake, hakitoki tena."

"Hajaisahau, mzee," Wanjira akasema. "Tunayo kwenye kanda."

Kivuti akaacha kugeuza. Akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayefaa kutazamwa. "Basi wewe una dawa kuliko mimi. Arudishiwe sikioni, aifuate mpaka imshike. Lakini kitafukuzwa kikiwa na njaa, na kitatafuta pa kupitia. Lazima awepo mtu wa pili anayesikiliza kwa waya huohuo wa hiyo kanda, amwongoze. Huyo ndiye atakayesumbuliwa. Asiutoe sikioni, kikimwambia lolote. Akiutoa, mgonjwa amekwenda."

"Nitasikiliza mimi," Karwirwa akasema haraka.

"Wewe hapana. Kikikuita kwa sauti ya mumeo utaitika."

Mashine ya kukobolea kahawa ikasikika ikinguruma kwa jirani. Wanjira akafikiria nyumba yake tupu, na ile meza yenye kiti kimoja kilichochakaa na kingine kisichokaliwa tena. "Ni kazi yangu kusikiliza," akasema.

*

Walifanya siku iliyofuata, saa nne ya asubuhi, katika chumba cha mazulia. Kivuti alinyunyiza maji kizingitini akasema maneno machache kwa Kiembu, akaketi na mgongo wake mlangoni. Bundi naye alikuja. Hakuna aliyemwita. Alisimama nyuma ya Mwongera, akamshika mabega ambayo sasa yalikuwa mifupa mitupu, na Karwirwa akapiga magoti akaishika miguu.

Rekoda ilikuwa na waya wenye vidude viwili vya kusikilizia. Kimoja Wanjira alikitia katika sikio la kulia la Mwongera, kingine katika sikio lake la kushoto, na wakawa wameketi magoti kwa magoti, kama watoto wawili wanaogawana muhindi.

"Mwalimu," akasema, "fuata unayoisikia. Usiipambe. Ikikwaruza, kwaruza nayo."

Akabonyeza.

Ile sauti mbovu ikaanza kutambaa kwenye waya. Mwongera akafungua mdomo, na papo hapo ile nzuri ikaruka kutoka kifuani mwake, ikaimba, ikacheka, ikapanda juu mpaka vioo vya kabati la dawa vikalia, na ile harufu ya asali iliyoungua ikawa nzito kiasi kwamba Bundi alikohoa machozi yakamtoka. Wanjira hakugeuza uso. "Aaa," akamwongoza, "aaa, Mwalimu, pamoja na mimi," akarudisha kanda mwanzo, akabonyeza tena, akarudisha, akabonyeza.

Mara ya tano wimbo ukakatika. Chumba kikawa kimya, na Karwirwa akainua kichwa kwa matumaini. Lakini Wanjira alikuwa amesikia kitu kikiingia katika waya, kikitembea taratibu, kama mtu anayevua viatu ili asiamshe watu wa nyumbani.

"Nyambura," kikasema sikioni mwake.

Hakuna aliyemwita hivyo. Jina hilo, lenye maana ya mvua, alipewa na Gitari peke yake, kwa sababu walikutana siku ya mvua, na hakuwahi kulitaja mbele ya watu. Na ilikuwa ni sauti yake, si mfano wake; ilikuwa na ile mikwaruzo ya sigara alizoacha, na lile zoea dogo la kuvuta pumzi kabla ya kutaja jina, ambalo yeye, kwa sikio lake la kazi, alikuwa amelipa alama moja moyoni tangu siku ya kwanza na kulipenda tangu siku hiyohiyo.

"Nyambura, hukunirekodi. Umekuwa ukijilaumu kwa hilo, nakuona. Toa hicho kidude kwa mkono wako wa kushoto tu, kitoe, na mimi nitabaki, nitakuwa nakuita kila jioni ukifungua mlango, nitakusomea gazeti, nitakuambia nilichotaka kukuambia pale barabarani wakati watu walikuwa wamenizunguka na hakuna hata mmoja aliyeinama kunisikiliza, maana nilisema jambo, Nyambura, nililisema mara mbili, na hakuna mwingine duniani anayelijua ila mimi, na ukichelewa kidogo tu nitaondoka nalo."

Mkono wa kushoto wa Wanjira ulikuwa umeshainuka. Aliuona ukiwa karibu na shavu lake. Hakukumbuka kuuinua. Aliusikia mwili wake wote ukiegemea upande ule kama mmea unavyoegemea mwanga, na akataka, Mungu amsamehe, alitaka kuliko alivyopata kutaka kitu, hata Mwongera akawa mtu wa mbali asiyemhusu, mgonjwa mmoja kati ya elfu mbili, na mke wake pale sakafuni akawa mwanamke fulani tu kutoka Muthara anayelilia miguu ya mtu.

Kisha akamsikia Karwirwa. Hakuwa akiomba tena. Alikuwa akisema kwa Kimeru, chini chini, neno moja tu la kumwita mumewe, kama mtu anayemwita ng'ombe aliyepotea, bila kukata tamaa na bila haraka.

Wanjira aliushika mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, akaushusha mpaka kitini, akaukalia.

"Aaa, Mwalimu," akasema, machozi yakimwingia mdomoni. "Aaa."

Kile kitu kikalia. Kikamwita kwa sauti ya Gitari akiumia, kwa sauti ya Gitari barabarani, kikapiga yowe ndani ya kichwa chake, na kitu kikapasuka sikioni kwa maumivu makali yenye moto, na katikati ya maumivu hayo, kwa sikio lake la kulia, akasikia mlango wa chumba ukivuma kama uliopigwa na upepo, Kivuti akiguna, na mbele yake mlio mdogo, mbaya, uliokwaruza kama bati linaloburutwa.

"Aaa..."

Sekunde tatu. Mwongera akahema. Kifua kilipanda na kushuka, kikapanda tena. Akavuta pumzi nyingine kwa pupa, akatazama chini kwenye miguu yake.

"Karwirwa," akasema, na jina likakatika katikati.

*

Kanda ya mwaka 2009 ilikuwa imefutika yote. Haikubakia ila mchakariko. Kivuti alikunywa chai yenye maziwa mengi, akakataa kulala mjini, akarudi kwenye kahawa yake. Bundi ndiye aliyempima Wanjira masikio wiki iliyofuata, kwa mashine ya hukohuko hospitalini. La kulia lilikuwa zima. La kushoto halikusikia chochote.

"Pole, Madam," Bundi akasema.

"Nimebaki na moja," Wanjira akajibu. "Wengine hufanya kazi na moja."

Hakumwambia lililomuuma zaidi. Zamani, akitaka, aliweza kumkumbuka Gitari akizungumza. Ilikuwa imefifia, lakini ilikuwa yake. Sasa akijaribu, sauti ilikuja mara moja, wazi, kamili, na hakujua tena kama ni ya mumewe au ni ya kile kitu. Akaacha kujaribu.

Mwezi wa Desemba alipanda kwenda Muthara kumwona mgonjwa. Mwongera alikuwa amenenepa, anafundisha hisabati tu, akiandika zaidi kuliko kusema. Waliketi sebuleni, Mukiri akapita na vitabu vyake akasalimia, na mwalimu akasoma habari za mkulima na mvua mpaka mwisho, akipumzika mara sita. Wanjira aliandika: ukwaruzo tatu, pumzi mbili, udhaifu mbili, mkazo tatu. Hakuwa amewahi kuandika alama mbaya kwa furaha kama hiyo.

"Hivyo vinundu vinatolewa," akamwambia. "Halafu mazoezi, miezi sita hivi. Hutaimba kama zamani, lakini utafundisha bila kuumia. Nimekuandikia tarehe ya Februari."

"Nitakuja, Daktari," Mwongera akakwaruza, uso ukimng'aa.

Karwirwa alimsindikiza mgeni mpaka barabarani akimbebea mfuko wa viazi. Pale langoni akasimama, akahakikisha amesimama upande wa sikio zuri.

"Daktari, usimtengeneze."

"Anaumia akiongea, mama."

"Najua. Na mimi nikimsikia naumia." Alitazama nyuma, kwenye nyumba. "Hiyo mbaya naijua. Nikiamka naisikia, nalala tena. Sasa ukiitengeneza, ianze kuwa nzuri kidogo kidogo, leo kidogo, kesho kidogo... mimi nitajuaje ni yeye?"

Wanjira naye aligeukia nyumba. Alikuwa na jibu la kazini, la nyuzi kukutana na kifua kupanda na kushuka, lakini swali hilo alikuwa akilala nalo yeye mwenyewe.

Kule nyumbani Mwongera akamwita mkewe. Sauti ilitoka imepasuka, ikavuja, ikafia njiani kabla ya kumaliza jina. Karwirwa alisimama na mfuko wa viazi mkononi, macho ameyafumba, akaisikiliza yote mpaka ilipokwisha, ndipo akaitika.